Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Nani Akipimaye?

Kila mwaka mwezi wa Septemba unapokaribia ukingoni, mamilioni ya Wamarekani hukosa usingizi kwa sababu ya maswali mawili. La kwanza ni timu zipi za besiboli zitakazofuzu kuingia duru ya mchujo. La pili ni nani miongoni mwa wachezaji anayestahili kutunukiwa heshima ya Mchezaji Mwenye Thamani Kubwa Zaidi. Katika baa, katika vituo vya redio, magazetini na hata mezani pa chakula, maswali haya hukorogwa katika chungu kimoja kana kwamba ni jambo moja. Mimi nashikilia kwamba si jambo moja, na kwamba kuyachanganya kumewanyima haki watu waliostahili kutuzwa.

Yamkini mwalimu aliye Kakamega au mwanafunzi aliye Voi atauliza besiboli inamhusu nini. Kwanza, mchezo huu umeshafika mlangoni petu. Mwezi Agosti 2012 vijana wa Lugazi, nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani humu kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Pili, na hili ndilo zito zaidi, swali la jinsi ya kumtuza mmoja kwa kazi iliyofanywa na wengi ni swali la kila shule yenye siku ya zawadi. Wamarekani wamebishana juu yake hadharani, tena kwa tarakimu, kwa zaidi ya miaka 90. Si vibaya kuwasikiliza.

Kwa yule asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Besiboli ni ndugu wa kriketi. Kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, na kuna walinzi waliotawanyika uwanjani. Mpigaji akiupiga mpira vyema hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akirejea alipoanzia, timu yake huandikiwa mkimbio mmoja. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, huvizunguka vituo vyote kwa raha zake, na kila mwenzake aliyekuwa kituoni huingia pamoja naye. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na watatu wakitolewa zamu huisha. Timu zikilingana zamu huongezwa hadi mmoja ashindwe.

Timu za ligi kuu ni 30. Zimegawanywa katika ligi mbili, Ligi ya Marekani na Ligi ya Kitaifa, na kila ligi ina makundi matatu. Kila timu hucheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, yaani karibu kila siku ya Mungu. Hapa ndipo tofauti na kandanda ya Uingereza, ambayo wengi wetu tumeizoea, inapojitokeza. Kule kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, na jedwali ni moja. Katika besiboli timu hupambana mara nyingi zaidi na jirani zake wa kundi moja, na mshindi wa kundi hufuzu hata kama kundi zima ni la wanyonge. Kabla ya 1969 kila ligi ilikuwa na jedwali moja na mshindi wake aliingia fainali moja kwa moja. Baadaye waliofuzu wakawa wanne, wakawa wanane kuanzia 1995, wakawa kumi mwaka 2012, na tangu 2022 wamekuwa 12. Fainali yenyewe huitwa ya Dunia, ingawa ukiitoa timu moja ya Toronto, Kanada, dunia haijaalikwa.

Ili tufahamu kwa nini Septemba huwatia watu wazimu, hebu tuurejelee usiku wa tarehe 28 Septemba 2011. Mwanzoni mwa mwezi huo Boston Red Sox walikuwa mbele ya Tampa Bay Rays kwa mechi tisa. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angaliweka shilingi yake kwa Tampa. Lakini Boston walishinda mechi saba tu mwezi huo wakapoteza 20, na siku ya mwisho timu hizo mbili zikaamka zikiwa sawasawa. Usiku huo Boston walikuwa wageni wa Baltimore Orioles, timu iliyokuwa mkiani mwa kundi na isiyokuwa na cha kutafuta ila heshima. Boston wakaongoza 3-2 hadi zamu ya tisa, wapigaji wawili wa Baltimore wakatolewa, akabaki mmoja tu. Ndipo Baltimore walipopiga mapigo matatu mfululizo, wakashinda 4-3.

Huko St. Petersburg, Florida, Tampa walikuwa nyuma 7-0 dhidi ya New York Yankees hadi zamu ya nane. Wakapata mikimbio sita katika zamu hiyo. Katika zamu ya tisa, ikiwa imebaki kosa moja tu msimu wao uzikwe, aliingizwa Dan Johnson, mtu ambaye kiwango chake cha kupiga msimu ule kilikuwa 108 kwa kila 1,000, kiwango cha aibu kwa mchezaji wa ligi kuu. Johnson akauvusha mpira uzio na kusawazisha. Dakika chache tu baada ya Boston kuanguka kule Baltimore, Evan Longoria aliuvusha mwingine katika zamu ya 12 na Tampa wakafuzu. Usiku huo huo Atlanta Braves, ambao mwezi Agosti walikuwa wamewatangulia St. Louis Cardinals kwa mechi kumi na nusu, walishindwa na Philadelphia katika zamu 13. St. Louis wakapenya, na mwezi mmoja baadaye wakatwaa ubingwa.

Ni nani angeushuhudia usiku kama huo asipagawe? Mimi sioni ubaya wowote katika kupagawa. Ubaya huanza pale mtu anapotoka katika hamasa ya namna hiyo, akakaa mezani, akachukua kalamu kuamua nani alikuwa mchezaji bora wa miezi sita. Boston hao walioanguka walikuwa na mpigaji aitwaye Jacoby Ellsbury. Alicheza vizuri mwaka mzima, na Septemba hiyo wenzake walipokuwa wakizama yeye alizidi kung'ara. Katika kura alikuwa wa pili. Tuzo ilimwendea Justin Verlander wa Detroit, mrushaji aliyekuwa na msimu wa ajabu. Sisemi kwamba Verlander hakustahili. Ninachouliza ni hiki: lau mrushaji wa Boston angemtoa yule mpigaji wa mwisho wa Baltimore, kura zingehesabika vilevile? Na kama zisingehesabika vilevile, Ellsbury angekuwa ameongeza nini katika kazi yake kati ya saa ile na ile?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa 1964. Philadelphia Phillies walikuwa mbele kwa mechi sita na nusu zikiwa zimebaki mechi 12. Wakapoteza kumi mfululizo, na St. Louis Cardinals wakaondoka na ubingwa wa ligi. Katikati ya mkasa huo, tarehe 27 Septemba, Johnny Callison wa Philadelphia aliuvusha mpira uzio mara tatu katika mechi moja. Timu yake ilishindwa 14-8. Mtu aweza kufanya nini zaidi ya hapo? Aende mwenyewe kurusha mpira? Kura zilipohesabiwa Callison akawa wa pili nyuma ya Ken Boyer wa St. Louis. Boyer alikuwa mchezaji hodari, nami simnyang'anyi sifa yake, lakini sina shaka kwamba warushaji wa Philadelphia walimpokonya Callison tuzo kama walivyoipokonya timu ubingwa.

Sasa tuitazame tuzo yenyewe. Hutolewa na Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, na imekuwa mikononi mwao tangu 1931. Siku hizi wapigaji kura ni 30 kwa kila ligi, wawili kutoka kila mji wenye timu. Kila mmoja huwapanga wachezaji kumi. Wa kwanza hupata pointi 14, wa pili tisa, wa tatu nane, na kuendelea hivyo hadi wa kumi anayeambulia moja. Kura hukusanywa kabla ya mchujo kuanza, hivyo yatokeayo Oktoba hayahesabiwi. La kustaajabisha ni kwamba maagizo wanayopewa wapigaji kura hayafafanui maana ya thamani. Yanamwachia kila mmoja aamue, ila yanataja kwamba mshindi si lazima atoke katika timu iliyofuzu. Yaani waanzilishi walikwishaliona shimo, wakaliwekea alama, na bado watu wakatumbukia humo kizazi baada ya kizazi.

Waandishi nao ni binadamu. Mwaka 1947 Ted Williams wa Boston aliongoza Ligi ya Marekani katika hesabu zote tatu ambazo wazee wa mchezo huu huzienzi: kiwango cha kupiga, mapigo ya kuvuka uzio, na mikimbio aliyoiletea timu kwa gongo lake. Aongozaye katika zote tatu husemwa kwamba ametwaa Taji la Utatu. Tuzo ilikwenda kwa Joe DiMaggio wa New York kwa pointi 202 dhidi ya 201. DiMaggio alikuwa nyuma ya Williams katika kila mojawapo ya hesabu hizo, lakini New York walikuwa mabingwa.

Baada ya historia hiyo, mtu angetarajia mwenye Taji la Utatu awe ndiye mdhulumiwa daima. Kumbe mambo yaligeuka. Mwaka 2012 Miguel Cabrera wa Detroit Tigers, mzaliwa wa Venezuela, alitwaa taji hilo, wa kwanza kufanya hivyo tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Alipiga kwa kiwango cha 330 kwa kila 1,000, akavusha uzio mara 44, akaileta mikimbio 139. Siku ya mwisho ya msimu alipotolewa uwanjani huko Kansas City, mashabiki wa timu pinzani walisimama wakampigia makofi. Hakuna asiyeona kwamba huo ulikuwa msimu wa kuhadithia wajukuu.

Lakini huko California, katika timu ya Angels, kulikuwa na kijana aitwaye Mike Trout, aliyetimiza miaka 21 mwezi Agosti mwaka huo. Alipiga kwa kiwango cha 326, nukta nne tu chini ya Cabrera. Alivusha uzio mara 30. Aliiba vituo 49 na kukamatwa mara tano tu, ilhali Cabrera aliiba vinne. Alirejea nyumbani na mikimbio 129, akiongoza ligi. Tena alicheza katikati ya uwanja wa nyuma, mahali panapohitaji mbio na macho ya mwewe. Huko Baltimore mwezi Juni aliruka akaunyaka juu ya ukuta mpira uliokwisha kuvuka. Pigo kama hilo likizuiwa halihesabiwi popote katika zile hesabu tatu, ingawa mkimbio uliozuiwa una uzito sawa na uliofungwa.

Mashabiki wakagawanyika kambi mbili, na maneno yakawa makali. Wa kambi ya Cabrera walisema: huyu amefanya jambo ambalo halijaonekana kwa miaka 45, na timu yake imefuzu. Wa kambi ya Trout walileta vipimo vipya vinavyojumlisha kupiga, kukimbia na kulinda, kisha kukadiria ushindi ambao mchezaji ameuongezea timu yake kuliko ambavyo mchezaji wa akiba angeuongezea. Kwa kipimo cha namna hiyo Trout alizidi ushindi 10, Cabrera akawa na takriban saba. Kura zikapigwa. Cabrera akapata kura za kwanza 22, Trout sita.

Hoja iliyovuma sana kumtetea Cabrera ni hiyo ya kufuzu, basi na tuipime. Detroit walishinda mechi 88 wakawa washindi wa kundi la kati. Angels walishinda 89 na wakabaki nyumbani. Rudia kusoma, msomaji: waliofuzu walishinda mechi moja pungufu. Tampa nao walishinda 90 na wasifuzu. Katika kundi la Detroit aliyewafuata alikuwa Chicago White Sox mwenye ushindi 85, na chini yake wakafuata Kansas City 72, Cleveland 68 na Minnesota 66. Katika kundi la Angels walikuwamo Oakland wenye 94 na Texas wenye 93. Kwa hiyo aliposema mtu kwamba Cabrera ameifikisha timu yake mchujoni na Trout ameshindwa, alichokuwa akikipima hasa ni unyonge wa Minnesota na nguvu za Oakland. Mchezaji hamchagui jirani yake.

Walikuwapo pia waliosema kwamba Cabrera alipiga vizuri zaidi mwishoni, wakati Detroit walipokuwa wakiwafukuza na kuwapita Chicago, ilhali gongo la Trout lilipoa kuanzia Agosti. Ni kweli. Lakini ushindi wa Aprili hauandikwi kwa kalamu ya risasi na wa Septemba kwa wino. Msimu ule Angels walianza vibaya mno: ushindi sita katika mechi 20, Trout akiwa bado katika ligi ya chini. Alipoitwa mwishoni mwa Aprili hadi msimu ulipokwisha, walishinda 83 na kupoteza 59. Ikiwa twataka kusema habari za mtu aliyeibadilisha timu yake, ushahidi ulikuwa hapo, ila ulitokea Mei na Juni watu walipokuwa bado hawajaketi sawasawa vitini mwao.

Kuna na hoja ya taji lenyewe, ambayo naiona dhaifu kuliko inavyosikika. Wapinzani wawili, Josh Hamilton wa Texas na Curtis Granderson wa New York, walimaliza na mapigo 43 ya kuvuka uzio. Lau mmojawao angeongeza mawili, Cabrera asingekuwa na Taji la Utatu, na makala za kumtukuza zingepungua nusu. Lakini yeye mwenyewe angekuwa amefanya kazi ileile, hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Vivyo hivyo mikimbio aliyoiingiza: mpigaji hawezi kumwingiza mwenzake ambaye hakuwapo kituoni. Trout alikuwa wa kwanza katika orodha ya wapigaji wa timu yake, akiwapisha wenzake wamwingize yeye.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Wapo watu wazima, si mashabiki wa kelele tu, wanaoamini kwamba mashaka ya Septemba humpima mtu kwa namna ambayo Mei haiwezi. Mrushaji wa timu inayopigania uhai wake hurusha kwa nguvu zake zote. Wa timu iliyokwisha kukata tamaa aweza kuwa anajaribiwa tu kwa ajili ya mwaka ujao. Naikubali hoja hiyo kwa kiasi. Ningeikubali zaidi kama wanaoitumia wangeitumia daima, lakini hawafanyi hivyo. Mwaka 1987 Andre Dawson alituzwa akiwa na Chicago Cubs, timu iliyoshika mkia katika kundi lake. Ernie Banks, wa timu hiyo hiyo, alituzwa 1958 na 1959 bila timu kupata hata nusu ya ushindi. Hoja inayotolewa kabatini mwaka ambao inamfaa mtu wetu, na kurudishwa mwaka ambao haimfai, si kipimo.

Wala sikusudii kuwaachia wapenzi wa vipimo vipya watembee vifua mbele. Miongoni mwao wamo wanaoisoma tarakimu moja kama maandiko matakatifu. Vipimo hivyo hutengenezwa na watu, na watengenezaji wawili huweza kumpa mchezaji mmoja tarakimu mbili tofauti kwa msimu uleule, hasa kwa sababu kulinda uwanja ni kugumu kupima kuliko kupiga. Tofauti ya ushindi mitatu, kama ile ya 2012, ni kubwa na yatosha kuamulia. Tofauti ya nusu haitoshi, na hapo mtu hana budi kutumia macho na akili.

Hayo yalijitokeza katika msimu wa 2025. Aaron Judge wa New York Yankees alipiga kwa kiwango cha 331 na kuvusha uzio mara 53. Cal Raleigh wa Seattle Mariners alivusha mara 60, na Raleigh ni mdakaji. Mdakaji ndiye achuchumaaye nyuma ya mpigaji siku nenda siku rudi, akiipokea mipira inayokuja kwa kasi ya kutisha, akiamua pamoja na mrushaji ni mpira wa aina gani urushwe. Kabla yake hakuna mdakaji aliyewahi kuvuka 48 katika msimu mmoja. Judge alipata kura za kwanza 17, Raleigh 13. Wengi waliomtetea Raleigh walisema Seattle walikuwa wameshinda kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Mimi pia ningempa Raleigh, lakini si kwa sababu hiyo. Ningempa kwa kuwa kazi ya mdakaji ndiyo ambayo vipimo bado havijaimaliza kuipima, na aliyeifanya huku akipiga namna ile alibeba magunia mawili. Anayempendelea Judge ana haki yake. Gongo la Judge lilikuwa zito kuliko la mtu yeyote katika ligi ile.

Msimu huo huo wa 2025 ulikuwa na anguko lake. Detroit Tigers waliwatangulia Cleveland kwa mechi 15 na nusu mwezi Julai, na kundi likaishia mikononi mwa Cleveland. Hata hivyo mrushaji wa Detroit, Tarik Skubal, alipewa tuzo ya Cy Young, ambayo ni ya mrushaji bora wa ligi, na sikumsikia mtu akisema anyimwe kwa kuwa wenzake waliporomoka. Kwa warushaji waandishi wamekwisha kuelimika. Mwaka 2010 Felix Hernandez wa Seattle alituzwa akiwa na ushindi 13 na kushindwa 12, kwa sababu kila mtu aliona kwamba timu yake haikuweza kumfungia mikimbio. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets, mwenye ushindi kumi na kushindwa tisa, alipata kura za kwanza 29 kati ya 30. Kwa nini mrushaji asihukumiwe kwa udhaifu wa wapigaji wake, lakini mpigaji ahukumiwe kwa udhaifu wa warushaji wake? Sijaona jibu la maana.

Walimu watalielewa jambo hili upesi kuliko waandishi wa michezo. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu hapa Kenya ilipopiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa, wengi walinung'unika kwamba bidii haitaonekana tena. Lakini orodha ile ilikuwa ikiziweka bega kwa bega shule iliyopokea wanafunzi wenye alama 400 na shule iliyopokea wenye 200, kisha ikamsifu mwalimu wa shule ya kwanza. Mwalimu aliyemwinua mtoto wa alama 200 hadi akakidhi kiwango cha kuingia chuo kikuu hakuonekana popote katika kurasa za picha za watu waliobebwa juujuu. Walioandaa orodha hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakipima kilichokuwa rahisi kupimwa, na kukiita jina la kitu kingine.

Naona dalili kwamba waandishi wa Marekani wameanza kuyatenga maswali yao mawili. Trout alituzwa mwaka 2016 timu yake ikiwa imeshinda mechi 74 na kupoteza 88, na tena 2019 ikiwa imeshinda 72 tu. Mwenzake wa zamani katika Angels, Shohei Ohtani wa Japani, alituzwa 2021 na 2023 katika misimu ambayo timu hiyo haikuwa na habari yoyote na mchujo. Miaka kumi kabla ya hapo kura hizo zingezua kelele. Sasa ni mashabiki wachache waliopinga, na wengi wao walikuwa wa timu nyingine zenye wagombea.

Cabrera alistaafu mwaka 2023 akiwa na tuzo mbili, ya 2012 na ya 2013, na hakuna atakayemnyang'anya. Trout amepata tatu: 2014, 2016 na 2019. Hadi msimu wa 2025 ulipomalizika, yeye ambaye waandishi 22 walimwacha kwa hoja ya kutofuzu alikuwa amecheza mechi tatu pekee za mchujo maishani mwake, zote dhidi ya Kansas City mwaka 2014, na zote tatu timu yake ilishindwa.